Ruhusa ya Kupaa Tena

Nje ya uwanja wa ndege wa Ukunda, ndege ya Nairobi inapokaribia, utaona watu wakizinduka. Dereva wa tuktuk anawasha injini, wa teksi anapangusa kioo, kijana wa bodaboda anatia simu mfukoni, na waliotumwa na mahoteli wanainua vibao vyenye majina ya wageni. Ndege inajitokeza juu ya minazi, magurudumu yako chini tayari, inashuka, inazidi kushuka, na kila mtu moyoni ameshaihesabu kuwa imefika. Ghafla injini zinanguruma, pua inainuka, na ndege inapita juu ya uwanja bila kugusa ardhi, ikipaa hadi ikamezwa na mawingu.

Panakuwa kimya kidogo, halafu maneno yanaanza. "Kwani vipi?" "Rubani mgeni huyo." "Kashindwa." Huko juu nako wana yao: mtoto analia, mmoja kashika tasbihi, jirani yake kashika rozari, na kila mtu anamwomba Mungu kwa maneno aliyofunzwa utotoni. Baada ya kama robo saa ndege inarudi na kutua vizuri kabisa. Lakini huku chini hukumu imeshapita. Huyo ni rubani aliyeshindwa mara ya kwanza.

Mpendwa msomaji, wiki hii nakuomba tukae kidogo na hukumu hiyo. Je, ni ya haki? Na je, si ndiyo ile ile tunayowapa watu wa nyumbani mwetu wanapofika karibu kabisa na jambo, kisha wakageuka?

Kughairi kutua si ajabu katika kazi ya urubani. Ndege elfu moja zikija kutua, kati ya moja na tatu hupaa tena. Sababu ni nyingi. Huenda ndege iliyotangulia haijaondoka kwenye njia ya kutua, na mwongozaji aliye mnarani anaiamuru hii inayokuja ipande. Huenda mvua ya masika imefunga kila kitu. Kila rubani ana kimo alichowekewa ambapo, asipoiona njia au taa zake, haruhusiwi kushuka zaidi ya hapo. Huenda upepo umegeuka: ndege hutua ikiukabili upepo, na upepo huo ukibadilika ghafla ukaisukuma kutoka nyuma wakati ardhi iko karibu, mambo huharibika upesi. Na kwenye viwanja vya mbugani kule Maasai Mara, ambako baadhi ya ndege za Diani huelekea, rubani anaweza kuwakuta nyumbu wamesimama katikati ya njia, nao hawana haraka.

Ila sababu inayonigusa zaidi haimo katika hizo. Siku nyingine njia iko wazi, jua linawaka, mnara umeshatoa ruhusa, wala hapana mnyama. Tatizo liko kwa ndege yenyewe: haijatulia. Inakwenda kasi kidogo kuliko inavyopasa, au iko juu kidogo, au inashuka kwa pupa.

Ndege kubwa ikibakiwa na futi 1,000, yaani kama mita 300, iko karibu dakika moja tu kabla ya kugusa ardhi. Hapo ndipo mashirika mengi ya ndege yameweka alama. Je, mwendo ni ule unaotakiwa? Imenyooka na njia? Magurudumu yako chini, na vibawa vya nyuma ya mabawa vimeshushwa kwa kutua? Kukiwa kweupe na njia inaonekana, mengi huisogeza alama hadi futi 500. Jambo moja likiwa halijakaa sawa, rubani anapaswa kupanda. Haruhusiwi kusema atarekebisha huko mbele, maana huko mbele hakuna nafasi ya kurekebishia.

Na alama hiyo haibuniwi pale pale. Kabla hawajaanza kushuka, pengine wakiwa bado juu ya Tsavo, marubani wawili huzungumza: tutatua hivi, na tusipoweza tutafanya vile. Wanakubaliana wakati hakuna anayeona haya wala anayeharakishwa na chochote. Ikifika ile dakika ya mwisho, wanachofanya ni kulitii neno walilolisema wakiwa na akili tulivu.

Wavuvi wa Msambweni wanalijua hili bila kusoma urubani. Anayerudi maji yakiwa yametoka, akakuta mawimbi yanavunjika mlangoni mwa mwamba, hubaki nje na ngalawa yake hadi maji yajae, ingawa anaziona paa za kwao na njaa inamuuma. Hajadiliani na njaa. Jibu alipewa na baba yake zamani, siku ambayo bahari ilikuwa shwari.

Nimewaza sana kuhusu uaminifu wa kila siku kwa njia hiyo. Tunadhani mtu mwaminifu ni yule anayepata nguvu kubwa wakati wa jaribu. Nadhani mara nyingi ni mtu aliyeweka alama mapema. Asubuhi, katika sala yake fupi, amesema: leo nikisikia sauti yangu inapanda mbele ya watoto, nitanyamaza na kutoka uani. Nikianza kuandika ujumbe na vidole vinatetemeka kwa hasira, sitautuma kabla sijala chakula cha jioni. Ni maazimio madogo, hata hayavutii kuyasimulia. Wewe je, mpendwa, umeweka alama yako wapi? Na uliiweka lini, asubuhi au katikati ya ugomvi?

Sasa nifike kwenye jambo lililonishangaza. Taasisi ya Flight Safety Foundation, inayoshughulikia usalama wa safari za anga, ilichunguza ndege zinazofika kwenye alama zikiwa hazijatulia. Kanuni inataka zote zipae. Zilizopaa kweli ni kama asilimia 3 tu. Katika zile 97 zilizobaki kwa kila mia, marubani waliendelea kushuka. Nyingi zilitua salama, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa anayeponea leo hujifunza kwamba alama si kitu.

Tusiwaone marubani hao kuwa wazembe. Wamefunzwa miaka, na wanaitaka salama kuliko mimi na wewe, maana wao ndio wanaokaa mbele. Lakini wamechoka. Njia wanaiona kwa macho yao. Abiria wana watu wanaowangoja. Mafuta yataungua bure na ratiba itavurugika, na kesho ofisini kutakuwa na mtu wa kuuliza kulikoni. Ukaribu wenyewe unawavuta, kwani mtu akiona mlango wa nyumba yake hukaza mwendo hata kama njia ina utelezi.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwamo. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kuwaokoa wengine. Wachunguzi walieleza kwamba chombo cha tahadhari kilikuwa kimelia kuonya kuwa ndege inashuka upesi mno. Na huku kwetu kuna jeraha ambalo bado bichi: tarehe 28 Oktoba 2025, ndege ndogo iliyoruka Diani kuelekea Maasai Mara ilianguka hapa Kwale, na wote 11 waliokuwamo wakafa. Hiyo ilikuwa ikienda, si ikitua, wala siitaji ili niitolee somo. Naitaja kwa sababu siwezi kuandika habari za ndege katika kaunti hii nikapita kimya mbele ya waliofiwa. Tuwaombee.

Ajali ya Mangalore, India, ndiyo inayonirudia zaidi moyoni. Tarehe 22 Mei 2010, ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilikuja kutua ikiwa juu mno na kasi mno. Rubani msaidizi alimwambia mkuu wake wapae, akarudia zaidi ya mara moja. Mkuu akaendelea. Ndege ilipita mwisho wa njia ikatumbukia bondeni, watu 158 wakafa na 8 wakaokoka. Onyo lilitolewa, lakini na mtu mdogo kwa cheo.

Unaikumbuka safari ya Paulo katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume? Walikuwa mahali paitwapo Bandari Nzuri, majira ya kusafiri yameshapita. Paulo, naye ni mfungwa, aliwaonya kwamba safari hiyo italeta hasara. Akida akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko yeye. Na ilikuwa rahisi kuwasikiliza, kwa sababu mwenye merikebu ana mali yake pale, nahodha ana ujuzi, na mfungwa ana nini? Kisha kusi ikavuma taratibu, wakaona kumbe mambo ni shwari. Siku chache baadaye walikuwa wakitupa shehena baharini. Watu 276 waliokoka kwa rehema za Mungu, lakini merikebu ilivunjika.

Leo katika mashirika mengi ya ndege kuna kanuni iliyozaliwa na machozi ya namna hii: yeyote kati ya marubani wawili akisema tupae, wanapaa. Mdogo akisema, mkubwa anatii. Kama kuna ubishi, utafanyika wakiwa wameketi chini na chai mezani. Naipenda kanuni hii. Ninawajua waume wema kabisa, wanaoomba na kufunga, ambao nyumbani mwao hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuwaambia, "Baba, tuliache hili kwanza." Mke ameshajaribu akakatizwa. Watoto wamejifunza kutazama sakafu. Nani nyumbani kwako anaweza kukwambia neno hilo nawe ukainua pua mara moja, bila kumuuliza ana umri gani au analeta mezani shilingi ngapi?

Lakini kanuni ya kusikiliza haitoshi. Mashirika yaliyolielewa vizuri jambo hili yaliongeza ahadi, nayo ikaandikwa: rubani akighairi kutua hatalaumiwa. Hatakatwa mshahara, hataitwa kuhojiwa kwa ukali, wala mafuta yaliyoungua hayatahesabiwa juu yake. Tazama inavyotangulia. Rubani anajua amesamehewa gharama kabla hajaiingiza. Bila ahadi hiyo, kitabu cha kanuni kitasema "paa" na hofu itasema "tua", na katika dakika ile ya mwisho hofu huwa na sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo naamini wengi wetu hatuendelei na njia mbaya kwa sababu tunaipenda. Tunaendelea kwa sababu hatuna hakika tutapokewaje tukigeuka.

Fikiria binti wa kijiji chochote kati ya Ukunda na Lunga Lunga aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Nauli ilipatikana kwa mkopo, shangazi akauza mbuzi, waumini wakamwombea. Kufika kule akakuta mambo si kama alivyoambiwa: kazi haina mwisho, simu imechukuliwa, chakula ni cha kubahatisha. Akapata njia ya kurudi kabla mkataba haujaisha. Neno la kwanza linalomngoja hapa ni lipi? "Mbona mapema?" La pili, nyuma ya mgongo wake, ni kwamba amerudi mikono mitupu. Na mwenzake aliye bado kule, anayesikia habari hizo kwa simu ya kuazima, anajifunza nini? Anajifunza kuvumilia yasiyovumilika. Huenda hamwogopi tajiri wake kama anavyokiogopa kibaraza cha kwao.

Au kijana aliyeanza kuona, harusi imebaki wiki mbili, kwamba yeye na mchumba wake wanaingia katika ndoa wakiwa wamefichana mambo mazito. Kadi zimechapishwa, mchango umekusanywa, kamati imeshakodi hema. Nani atamsikiliza? Nami nasema wazi, na wanakamati wanisamehe: afadhali hema lirudishwe.

Bwana wetu anaujua woga huu. Usiku ule alipokamatwa, kabla jogoo hajawika, kabla Petro hajasema hata neno moja la kumkana, Yesu alimwambia kwamba ameshamwombea, na kwamba atakaporudi awaimarishe ndugu zake. Petro hakulielewa. Alisisitiza kwamba yeye hawezi kuanguka. Lakini neno lile lilikuwa limekwisha wekwa ndani yake kama akiba, na alipotoka uani mwa kuhani akalia machozi yale machungu, palikuwa na kitu cha kushika. Kurudi kwake kulikuwa kumeshatajwa. Kazi ya baada ya kurudi alikuwa ameshapewa. Yesu alimsamehe kwa namna ambayo ilimfungulia njia kabla hajaihitaji.

Je, tunaweza kusameheana hivyo? Tumezoea msamaha unaokuja mwisho, baada ya mtu kufika, kupiga magoti, kueleza, kulia kidogo, na sisi kuridhika kwamba amelia vya kutosha. Nao ni msamaha, siubezi. Lakini kuna ule mwingine ambao mzazi humpa mtoto siku ya kawaida, wakimenya muhogo: mwanangu, siku yoyote ukijikuta mahali pabaya, hata saa nane usiku, nipigie nije nikuchukue, na kesho yake sitakupigia kelele. Mtoto anaweza asijibu kitu. Anaweza hata kucheka. Ameshapewa ruhusa.

Nisikudanganye, hata hivyo, kwamba kupaa tena ni jambo jepesi. Tarehe 3 Agosti 2016, ndege ya Emirates aina ya Boeing 777 ilifika Dubai kutoka Thiruvananthapuram, India. Upepo ulibadilika, ikagusa njia mbele zaidi kuliko ilivyopasa, marubani wakaamua kupaa. Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Walibonyeza kitufe cha kupaa, lakini kitufe hicho hakifanyi kazi magurudumu yakishagusa ardhi, na hawakuhakikisha kama injini zimeitika. Pua iliinuka, magurudumu yakaanza kukunjwa, nguvu haikuja. Ndege ilirudi chini kwa tumbo na kuwaka moto. Watu wote 300 waliokuwamo walitoka hai, na zimamoto mmoja akafa akipambana na moto huo.

Marubani hufunzwa utaratibu: nguvu kwanza, na uione imekuja. Kisha pua. Kisha, ukishahakikisha ndege inapanda kweli, magurudumu. Nimewaona watu wapendwa sana wakiinua pua bila nguvu. Mtu anatubu Jumapili kwa machozi ya kweli, anatangaza kwamba pombe basi, anatupa chupa, na kufikia Jumatano yuko pale pale, sasa na aibu juu yake. Si kwamba hakukusudia. Alianza na pua, akaisahau injini. Kama wiki hii unataka kugeuka katika jambo fulani, usianze kwa kulitangaza. Anza kwa kumwomba Mungu akupe nguvu, na uende zilipo: katika sala ya kila siku hata ikiwa fupi, katika Neno, katika usingizi wa kutosha, kwa rafiki mmoja atakayekuuliza Jumatano jioni unaendeleaje. Subiri uhisi kitu kinasukuma. Ndipo uwaambie watu.

Na ukianguka tena? Basi ni kurudi tena kwenye utaratibu. Ndege inaweza kupaa ikazunguka na kuja mara ya pili ikakuta mvua bado imesimama njiani. Hapo rubani huangalia mafuta aliyo nayo, na huenda akaenda kutua uwanja mwingine kabisa. Wageni wa Ukunda wanaweza kujikuta Mombasa, wakachukua gari hadi kivuko cha Likoni na kuvuka kwa feri, wakafika jioni badala ya mchana. Wamefika. Mungu naye ametufikisha wengi wetu kwa njia ambayo haikuwa kwenye tiketi.

Kwa walio safarini wiki hii, neno moja la manufaa. Ndege yako ikighairi kutua, utasikia injini zikinguruma na mgongo ukisukumwa kwenye kiti, na kwa dakika mbili tatu hakuna atakayekwambia kitu. Usidhani umefichwa jambo. Marubani wana shughuli nyingi wakati huo, watazungumza wakimaliza. Mshike mkono aliye karibu nawe kama anaogopa, awe wa dini yako au si wa dini yako. Mkishatua na mlango ukafunguliwa, huenda ukamkuta rubani amesimama pale mlangoni, na abiria wanapita mbele yake wakitazama saa zao. Mwambie ahsante.